Shahawa za lama zisipimwe kwa kipimo cha fahali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu makala ya sayansi iliyotoka katika gazeti lako kuhusu uzazi wa kusaidiwa kwa lama, yule mnyama wa jamii ya ngamia anayefugwa katika milima ya Andes huko Amerika Kusini. Kwanza nampongeza mwandishi kwa kuandika waziwazi juu ya jambo ambalo wengi wetu tukilisikia hutazama chini au hucheka. Pamoja na pongezi hizo, naona kwamba hoja yake imesimama juu ya msingi wenye ufa. Ameeleza kuwa shahawa za lama ni duni kwa maumbile: zinanata mno, mbegu zake ni chache, na mbegu hizo hazisogei mbele zinapotazamwa kwa hadubini. Kutokana na hayo amehitimisha kuwa kuziboresha ni kazi ya maabara peke yake, yaani kuuvunja mnato kwa vimeng'enya kisha kuzigandisha kama zinavyogandishwa za ng'ombe. Mimi ni daktari wa mifugo, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu za dume bila kupandana. Maoni yangu ni kwamba kasoro kubwa iko katika kipimo tunachozipimia shahawa hizo, kwa kuwa kipimo chenyewe kilikatwa kwa urefu wa fahali.

Kipimo hicho kutawala si ajabu, maana elimu ya uhimilishaji tunayoitumia leo ilikulia katika zizi la ng'ombe. Mwaka 1949 watafiti watatu wa Uingereza, Polge, Smith na Parkes, walitangaza kwamba gliseroli, kimiminika kizito chenye utamu, huzikinga mbegu za kiume zisife zinapogandishwa, na ingawa walianza na mbegu za jogoo, aliyenufaika zaidi na ugunduzi huo ni ng'ombe. Fahali ni mnyama anayeirahisisha kazi. Humwaga kwa mpigo mmoja, kufumba na kufumbua, mililita kama 5 za shahawa nyepesi mithili ya maziwa, na kila mililita huwa na mbegu zinazofika bilioni 1 au kuzidi. Tone lake likiwekwa kwenye kioo chenye joto huonekana likizunguka kama mawingu yanayosukumwa na upepo, na mtaalamu huweza kulipa alama kwa kutazama tu kasi ya mawimbi hayo. Fomu zetu za maabara, viwango vya kumkubali au kumkataa dume, na hata mirija tunayohifadhia mbegu, vyote vilitungwa kwa kumwangalia mnyama huyo.

Lama hapandi hivyo. Jike huketi chini akiwa amekunja miguu, dume humlalia kwa nyuma huku akitoa sauti nzito ya kooni inayofanana na maji yanayotokota ndani ya chungu kilichofunikwa, na hukaa hapo kwa dakika 20 hivi. Wapo wanaomaliza kwa dakika 5 na wapo wanaopita 40. Muda wote huo shahawa hutoka kidogokidogo, tone kwa tone. Ncha ya uume hupenya shingo ya kizazi na kuziweka shahawa ndani kabisa, katika pembe za mji wa mimba. Fahali huziacha zake ukeni, na mbegu zinalazimika kuianza safari kutoka mlangoni. Mbegu za lama zimekwisha kuingizwa ndani ya nyumba. Mwisho wa kazi hiyo ndefu, jumla ya shahawa ni mililita 2 au 3, na kwa kawaida kila mililita huwa na mbegu zinazohesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Kwa fomu ya fahali, dume huyo ameshindwa mtihani kabla ya swali la pili.

Mimi mwenyewe nimewahi kumfelisha mmoja. Nilipokuwa masomoni nilikaa majuma kadhaa na timu ya watafiti katika nyanda za juu za Andes, na siku ya kwanza nilipewa sampuli ya dume mwenye umri wa miaka 6. Nilipotumbukiza ncha ya pipeti na kuinua, shahawa zilinifuata juu kama uzi wa utomvu, urefu wa kiganja, bila kukatika; nilipojaribu kuangusha tone, liligoma, likaning'inia, likarudi ndani ya bomba. Hatimaye nilipata kipande cha kuweka kwenye kioo. Nilitafuta yale mawimbi ya mawingu niliyozoea na sikuyaona. Mbegu zilikuwapo, zimekaa kila moja mahali pake, mikia ikitikisika huku na huku kama samaki walionaswa kwenye wavu, wala hakuna hata moja iliyosogea. Kwenye safu ya mwendo niliandika sifuri. Aliyekuwa akinifundisha hakunikemea. Aliizimua sampuli ile kwa kimiminika chenye joto la nyuzi 37, akaipitisha polepole ndani ya sindano mara kadhaa, akaisubiri, kisha akanirudishia hadubini. Mbegu nyingi zilikuwa zinakwenda. Baadaye ndipo aliponionyesha daftari la kundi: dume niliyemwandikia sifuri alikuwa na watoto katika zizi la jirani, na wengine walikuwa wanazaliwa msimu uleule.

Nimesimulia kisa hicho kwa sababu mwandishi wa makala amelitumia neno "kutosogea" kana kwamba maana yake ni kufa. Kutikisika mahali pamoja ndiyo hali ya kawaida ya mbegu ya lama ikiwa bado ndani ya ute wake. Anayetaka kujua kama mbegu ni nzima hana budi kuangalia mambo mengine: kama utando wa mbegu bado unazuia rangi isipenye, kama mkia wake hujikunja ukitiwa katika maji yenye chumvi kidogo, kama ile kofia ya kichwani iitwayo akrosomu haijabanduka, na kama nyuzi za urithi zilizomo kichwani hazijakatika. Vipimo hivyo vinajulikana na vimekwisha kutumiwa kwa lama. Havina mvuto wa yale mawingu yanayozunguka, lakini vinajibu swali lililoulizwa.

Tuje sasa kwenye mnato wenyewe, ambao makala imeuita uchafu wa kuondolewa. Lama, kama ngamia, hana vile vifuko vya shahawa ambavyo kwa fahali hutoa sehemu kubwa ya majimaji. Anategemea tezi dume na tezi nyingine mbili ndogo zilizo karibu na mrija wa mkojo. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa kinachosababisha mnato ni sukari ndefu za aina ya glikosaminoglikani zinazotoka katika tezi hizo ndogo, na ndiyo maana majaribio ya awali yaliwaelekeza watu kwenye vimeng'enya vinavyokata sukari za namna hiyo. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwa alpaka, ndugu wa karibu wa lama, katika Chuo Kikuu cha Sydney huko Australia, ulionyesha kuwa mhusika mkuu ni protini ya jamii ya ute iitwayo musini 5B. Badiliko hilo si dogo, kwa sababu linaeleza ni kwa nini vimeng'enya vinavyokata protini vimefanya kazi mahali ambapo vile vya kukata sukari vilisuasua.

Ute huo umebeba jambo jingine, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji, maana ndilo jambo ambalo makala yote imeliruka. Jike wa lama hapevushi yai kwa kufuata kalenda. Yai lake hungoja hadi apandwe, na hutoka baada ya siku moja hadi mbili tangu kupandwa. Zamani ilidhaniwa kuwa kinachoamsha tukio hilo ni msuguano na mkao wenyewe wa kupandana, kama ilivyo kwa paka na sungura. Mwaka 1985 watafiti wa China waliokuwa wakishughulika na ngamia wa nundu mbili waliripoti kwamba majimaji ya shahawa peke yake, bila dume, yanaweza kupevusha yai. Miaka ishirini baadaye watafiti Gregg Adams na Marcelo Ratto pamoja na wenzao wakalijaribu kwa lama na alpaka kwa njia ambayo haikuacha mwanya wa ubishi: walichukua majimaji ya shahawa yasiyo na mbegu wakawachoma majike sindano ya msulini, kama mtu anavyochoma chanjo, na karibu wote wakapevusha; waliochomwa maji ya chumvi hawakupevusha. Mwaka 2012 kundi hilohilo la watafiti lilibainisha jina la kitu hicho. Ni protini inayojulikana tangu zamani kwa kazi yake ya kukuza neva, iitwayo kwa Kiswahili chepesi kikuza neva cha aina ya beta. Hupita katika damu ya jike hadi kwenye ubongo, huko nako homoni ya kupevusha yai huachiliwa, na kile kidonda cha yai kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, ambacho ndicho kinachotunza mimba, huwa na nguvu zaidi.

Tafakari basi, Mhariri, tunafanya nini tunapozifua mbegu za lama hadi zing'ae. Tunatupa ujumbe pamoja na bahasha. Mbegu zilizooshwa vizuri zikiingizwa katika mji wa mimba wa jike ambaye yai lake halijaambiwa litoke, zitangoja hadi zife. Sisemi kwamba kuosha ni kosa. Wakati mwingine hakuna budi. Ninasema kwamba anayeosha ana deni la kulipa kwa njia nyingine: ampime jike kwa mashine ya mawimbi ya sauti hadi aone kwenye ovari kifuko cha yai chenye kipenyo cha milimita 7 au zaidi, amchome homoni ya kupevusha, kisha aingize mbegu saa 24 hivi baadaye, karibu na wakati wa yai kutoka. Nimeona ripoti za kazi ambapo lawama yote iliangushiwa shahawa, ilhali ukisoma tarehe na saa unaona kwamba jike hakuwa tayari kabisa.

Kuhusu vimeng'enya vyenyewe, nitasema kwa ufupi, kwa kuwa makala imevieleza vya kutosha isipokuwa upande wa gharama yake. Katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires nchini Ajentina, shahawa za lama zimetiwa kolajenasi, kimeng'enya kinachokata protini, kwa kiasi cha asilimia 0.1 kwa dakika chache tu, na mbegu zikaachiwa. Kule Sydney, shahawa za alpaka zilitiwa papaini, kimeng'enya kilekile kilichomo katika utomvu wa papai bichi, kiasi cha miligramu 0.1 kwa mililita kwa dakika 20, kisha kikafungwa kwa kizuizi ili kisiendelee kula. Neno muhimu ni hilo la mwisho. Kimeng'enya hakijui mpaka kati ya ute na ngozi ya mbegu, na kikiachwa kupita kiasi huweza kuila ile kofia ya akrosomu ambayo bila hiyo mbegu haiwezi kulipenya yai. Matokeo yake ni sampuli inayopendeza sana machoni, mbegu zikikimbia kama zimefunguliwa mlango, na ambayo haitungishi. Ndiyo sababu ninavishuku vipimo vya mwendo vinapotajwa peke yake. Njia ya kupitisha shahawa taratibu katika sindano baada ya kuzizimua inachosha mkono na haivutii kwenye karatasi ya utafiti, lakini haiongezi sumu. Na ile ya kuzizungusha kwenye mashine juu ya kimiminika kizito kinachoziruhusu mbegu nzima kuzama na kuacha dhaifu juu ni nzuri pia, mradi ute uwe umelegezwa kwanza, vinginevyo mbegu nzima na mbovu huzuiliwa pamoja.

Ningependa kukaa zaidi kwenye dume, kwa sababu maabara haiwezi kutoa kilichokuwa hakimo. Korodani za lama aliyekomaa ni ndogo kwa mwili wake, urefu wa sentimita 5 hivi kila moja, nazo hazining'inii; zimebanwa nyuma, chini kidogo ya mkundu, katika mfuko wenye ngozi nene. Kwa mnyama wa baridi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, mpango huo una faida. Akihamishiwa nyanda za chini zenye joto, akiwa na manyoya yote mwilini, mfuko ule hauna pa kupumulia. Huvimba maji, na uzalishaji wa mbegu huporomoka. Kwa kuwa mbegu moja huchukua karibu miezi miwili tangu kuanza kuumbwa hadi kuwa tayari, joto la majuma mawili leo litaonekana kwenye kioo cha hadubini baada ya mfugaji kuwa amekwisha kulisahau. Nimewahi kuulizwa ni dawa gani ya kumpa dume aliyeharibika hivyo. Jibu langu lilikuwa mkasi wa kunyolea, hasa tumboni na katikati ya miguu ya nyuma, kivuli, maji mengi, na kungoja. Aliyeuliza aliondoka akiwa ameudhika kwa sababu alitaka chupa.

Kisha kuna umri. Dume wa lama huzaliwa uume wake ukiwa umeshikamana na govi, na kuachana huko hufanyika polepole kadiri homoni ya kiume inavyopanda. Wako wanaoonyesha hamu ya kupanda wakiwa na mwaka mmoja, hata wakamsumbua kila jike zizini, na bado hawawezi kumaliza kazi. Wengi hawawi huru hadi mwaka wa pili, na wengine hadi wa tatu. Kukusanya shahawa za kijana wa namna hiyo kisha kuandika kwamba lama wana mbegu chache ni kumwonea mnyama. Wako pia wakubwa wenye korodani zisizolingana, au ndogo kupita kiasi, au zenye malengelenge ya maji ndani yake, na kasoro kama hizo mara nyingi hurithiwa. Katika jamii za wafugaji wa Andes, dume wa kupandishia huitwa jañachu, na huchaguliwa kwa macho ya kizoefu: kimo chake, uimara wa miguu, rangi, manyoya kama ni wa aina ya ch'aku, nyama na nguvu ya kubeba kama ni wa aina ya k'ara. Mara chache sana mkono hupelekwa nyuma kuzipapasa korodani. Kama ningepewa ruhusa ya kubadili jambo moja tu katika shughuli yote hii, ningebadili hilo, kwa maana halihitaji umeme, wala nitrojeni, wala shahada; linahitaji kipimo cha sentimita na mtu wa kumshika dume.

Lishe na ratiba navyo vina sehemu yake. Katika Altiplano, yaani nyanda za juu za Andes, mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Machi, na huo ndio msimu wa kuzaa na wa kupandisha, maana ndipo nyasi zinapokuwapo. Dume aliyetoka kwenye kiangazi akiwa mifupa mitupu hawezi kuanza msimu akiwa na hazina. Vilevile, dume akikusanywa kila siku, idadi ya mbegu hushuka siku hadi siku, na mkusanyaji asiyetunza daftari ataona sampuli za mwisho wa juma akadhani ndio uwezo wa mnyama. Siku mbili tatu za mapumziko kati ya mkusanyo na mkusanyo hubadilisha picha.

Namna ya kukusanya pia hugeuza matokeo. Wapo wanaotumia mshtuko mdogo wa umeme kupitia njia ya haja kubwa, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Huleta sampuli kwa uhakika, ila mara kwa mara huchanganyika na mkojo, na mkojo huua. Wapo wanaozifyonza kutoka kwa jike baada ya kupandwa, zikiwa zimechanganyika na damu na seli zake. Ninayoipendelea ni ya uke wa bandia uliofichwa ndani ya sanamu ya jike aliyeketi. Hiyo nayo inadai ustahimilivu, kwa sababu vifaa vya ng'ombe vimetengenezwa kuhifadhi joto kwa dakika moja au mbili, na huyu atakaa nusu saa. Maji ya moto yaliyojazwa saa mbili kamili asubuhi, katika upepo wa baridi wa nyanda za juu, huwa yamepoa kabla dume hajafika katikati, naye huacha kusukuma, huinuka na kwenda zake. Watafiti wamelitatua hilo kwa kuzungushia kifaa blanketi dogo la umeme lenye kidhibiti joto, na kwa kubana ndani yake pete laini inayoiga shingo ya kizazi, kwa sababu dume huitafuta. Chupa ya kupokelea nayo lazima iwe na joto. Shahawa zinazochuruzika tone kwa tone katika chupa baridi huwa zimejeruhiwa, tone moja moja, kabla hazijamfikia mtu wa maabara, na hakuna kimeng'enya kitakachoziponya.

Kugandisha ndiko mwandishi alikoweka matumaini yake makubwa, na ninaelewa kwa nini. Mbegu zilizohifadhiwa katika nitrojeni ya maji ya nyuzi 196 chini ya sifuri zinaweza kuvuka mipaka ambayo mnyama mwenyewe haruhusiwi kuvuka kwa sababu ya magonjwa, na zinaweza kuhifadhi damu ya madume wa makundi madogo yaliyo hatarini. Hata hivyo, kwa lama na alpaka, mimba zilizopatikana kwa mbegu zilizogandishwa zimebaki chache, tena zenye kuyumba kutoka jaribio hadi jaribio, wakati shahawa mbichi zilizozimuliwa na kutumika mara moja zimefanya vizuri zaidi. Kiini cha yai la kuku bado kinatumika kuzikinga na baridi; gliseroli, rafiki mkubwa wa mbegu za fahali, haijaonyesha urafiki uleule hapa, na baadhi ya maabara zimehamia kwenye kemikali nyingine ya kukinga mbegu na baridi, dimethilifomamidi. Binafsi naona njia ya katikati haijapewa haki yake, yaani kuzipoza shahawa hadi nyuzi 5 na kuzitumia ndani ya siku moja. Mfugaji wa Bolivia, nchi yenye lama wengi kuliko nyingine yoyote, anaweza kupata sanduku la barafu. Mtungi wa nitrojeni unaojazwa kila baada ya majuma machache ni jambo la vituo vikubwa. Dume bora wa bonde moja angewafikia majike wa bonde la pili kwa pikipiki, na wale wazee wenye mbuga mbili tatu za malisho wasilazimike kuazimana madume hadi damu ikajirudia.

Mwandishi pia amemtaja kama kichekesho yule chotara wa ngamia na lama. Si kichekesho. Kituo cha uzazi wa ngamia cha Dubai kilimpata mwaka 1998 kwa kumhimilisha guanako, ndugu wa porini wa lama, kwa shahawa za ngamia wa nundu moja, na hilo liliwezekana kwa sababu wanyama wote wa jamii hiyo wana kromosomu 74 na kwa sababu watu wa kituo hicho walikuwa wamekwisha kujifunza kuuheshimu ute uleule wenye kunata, ambao ngamia naye anao.

Kwa hiyo naomba gazeti lirekebishe mambo mawili ambayo msomaji anaweza kuyachukua akayatumia. Pale palipoandikwa kuwa jike wa lama "huja kwenye joto kila baada ya siku 21", msomaji aelezwe kwamba mzunguko huo ni wa ng'ombe; lama hupevusha anapopandwa au anapochomwa homoni, na anayehesabu siku 21 atahimilisha bure. Na pale palipoelekezwa kuwa shahawa "ziachwe kwenye kimeng'enya hadi ziwe nyepesi kama maji", maelekezo hayo yaondolewe, kwa maana shahawa za lama zilizofikia wepesi wa maji kwa njia hiyo zinafaa kumwagwa.

Kuna na la tatu, ingawa ni dogo. Mnyama aliye katika picha kubwa ya ukurasa ule si lama, ni alpaka. Masikio ya lama ni marefu na hupinda kuelekea ndani mfano wa ndizi mbili; ya huyo wa pichani ni mafupi na yamesimama wima kama ncha za mkuki.

Wako,
Daktari wa mifugo, msomaji wa siku nyingi